Boti Zilizovamia Baraza la Vizimba

Celestine Akoth ni mfugaji wa samaki. Samaki wake hawako kwenye bwawa la shambani. Wako ndani ya ziwa lenyewe, katika vizimba. Kizimba ni sanduku kubwa la wavu linaloelea juu ya mapipa. Celestine na mumewe, Nicanor, wana vizimba sita kwenye ufuo mmoja kusini mwa Sindo. Humo wanalea ngege, yaani tilapia, tangu wakiwa wadogo kama kucha ya kidole hadi wajaze sahani.

Kila asubuhi Nicanor hupiga kasia hadi vizimbani kukagua nyavu. Celestine hubaki ufuoni akipima chakula cha samaki kwa kopo. Akimaliza, hupangusa mikono kwa leso, hufungua simu na kusoma Baraza.

Baraza la Vizimba ni ukurasa wa mtandaoni. Wafugaji wa kando ya ziwa, kutoka Muhuru na Sori kule Migori hadi Mbita na Rusinga huku Homa Bay, huandika humo. Mmoja huuliza, wengine hujibu. Kwenye makundi ya simu, jibu zuri la mwaka jana humezwa na salamu za leo. Kwenye Baraza jibu hubaki, na mtu akilitafuta hulipata.

Kijana aliyelijenga Baraza alipata kazi Nairobi, akawaachia wenzake. Wanachama wakamchagua Celestine awe msimamizi.

"Kazi yenyewe ni ndogo," walimwambia. "Mtu akitukana, unafuta."

Kwa miaka miwili hakuna aliyetukana.

Kisha, Jumatatu moja, Celestine alikuta ujumbe wa ajabu. Ulisema: "Pata mkopo kwa dakika tano! Bonyeza hapa." Chini yake palikuwa na ujumbe wa dawa ya kupunguza tumbo. Mwingine ulikuwa wa lugha asiyoijua. Waandishi wake walikuwa na majina kama Kxoza22 na Bestwin907.

"Hawa ni watoto wa nani?" aliuliza.

Alifuta kumi na mbili. Jumanne alifuta tisini. Jumatano alikaa chini ya paa la banda la chakula, akafuta hadi kidole gumba kikamuuma. Alipofuta mmoja, nyingine tatu ziliingia. Kila alipoinua macho kutazama ziwa na kuyarudisha kwenye simu, ukurasa ulikuwa umejaa tena.

"Mama Apiyo, hiyo simu itakumaliza," Nicanor alimwambia. "Hata chai umeiacha ikapoa."

"Yawa, Baba Apiyo! Watu hawa hawalali? Hawali?"

Nicanor alisoma kidogo, akatikisa kichwa.

Alhamisi Celestine alichoka. Alipofungua Baraza aliona matangazo tu, safu kwa safu, kama magugu-maji yaliyofunika ghuba. Alifunga simu bila kusoma. Saa nne kamili yeye na Nicanor walienda vizimbani wakawalisha samaki kama siku zote.

Kufika adhuhuri upepo uligeuka. Maji yaliyokuwa mepesi yakawa na rangi ya kijani kibichi iliyochanganyika na tope. Ngege walianza kupanda juu. Walifungua vinywa na kufunga, wakihema. Nicanor aliita majirani. Walijaribu kukokota vizimba kuelekea kwenye maji mengi, yenye kina, lakini walikuwa wamechelewa. Kufikia saa kumi, vizimba viwili vilikuwa vyeupe juu. Ni matumbo ya samaki waliokufa.

Celestine alisimama ndani ya mtumbwi, asiweze hata kulia. Miezi saba ya kulea ilikuwa inaelea mbele yake.

Jioni ile simu ililia. Alikuwa Chrispine, mfugaji wa Sori.

"Pole, Mama. Nimesikia. Lakini hukuona? Niliandika kwenye Baraza saa tatu asubuhi."

"Uliandika nini?"

"Niliandika maji yetu yamegeuka. Nikasema msilishe, kwa sababu samaki akishiba anahitaji hewa zaidi, na maji haya hayana hewa. Nikasema kokoteni vizimba mapema."

Celestine alifungua Baraza. Alirudi nyuma ukurasa mmoja, wa pili, wa tano. Kwenye ukurasa wa kumi na moja aliukuta. Ulikuwa ujumbe wa mistari mitatu, katikati ya mkopo na dawa ya tumbo. Chrispine alikuwa ameita kwa sauti yake yote, na hakuna aliyemsikia.

*

Ijumaa Celestine alipanda pikipiki hadi Magunga. Huko kuna mwanamke anayeitwa Dorah Nyanchoka. Ni mtu wa Kisii aliyehamia kwa biashara. Ana duka la kompyuta, la kupiga chapa na kutoa nakala. Kabla ya hapo alifanya kazi miaka mingi Rongo, akitunza kurasa za mitandao za watu.

"Madam Dorah, nimekuja unisaidie kufunga Baraza," Celestine alisema. "Nilifunge kabisa. Limetuua."

"Keti kwanza, Mama Apiyo. Pole sana." Dorah alimvutia kiti. "Niruhusu niingie nitazame."

Celestine aliandika neno la siri mwenyewe. Dorah alisoma kwa muda, akabonyeza hapa na pale. Kisha aliguna.

"Hizi ni boti."

"Boti gani tena? Boti ziko ziwani."

Dorah alicheka. "Hapana, si hizo zenu. Boti ni kifupi cha roboti. Ni programu ya kompyuta inayofanya kazi peke yake. Hakuna mtu aliyekaa mahali akiandika hizi takataka. Njoo uone."

Alimwonyesha orodha ndefu. Kila anayebisha hodi kwenye Baraza, kompyuta huandika saa aliyokuja.

"Soma hapa, Mama."

Celestine alisoma polepole. "Saa nne na dakika kumi na mbili, sekunde ya tano. Saa nne na dakika kumi na mbili, sekunde ya tano. Saa nne..." Alirudi juu akasoma tena. "Lakini hii ni sekunde moja ileile."

"Ndiyo. Jumbe tatu ndefu, kwa majina matatu, ndani ya sekunde moja. Wewe ukiandika jina lako tu unatumia sekunde ngapi?"

Siku zote hizo Celestine alidhani anapigana na watu wabaya. Aliwawazia wamekaa mahali wakimcheka. Kumbe hapakuwa na mtu.

"Sasa inatuchukia kwa nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haiwachukii. Haijui hata kama mpo. Inazunguka mtandao wote wa dunia, usiku na mchana, ikitafuta mahali popote penye nafasi ya kuandika. Haijui ngege ni nini. Ikipata mlango wazi, inamwaga matangazo. Mwenye kuituma anatumaini watu wachache watabonyeza, waibiwe. Tena anataka tovuti yake itajwe kila mahali ionekane kubwa."

"Dunia yote? Na ikafika hadi kwetu Sindo?"

"Hadi Sindo. Kwake ni sawa na kwenda popote."

Celestine alitazama nje ya mlango. Mwanamke mmoja alikuwa akipanga nyanya. Mbuzi alikuwa amelala kivulini. Celestine aliona ajabu kwamba kitu kikubwa namna ile kilikuwa kimepita hapo, juu ya nyanya na mbuzi, bila mtu kukisikia.

"Usifunge Baraza," Dorah alisema. "Ukifunga, Chrispine ataita wapi siku nyingine? Tatizo ni mlango. Programu ya Baraza ni ya zamani. Haijasasishwa tangu kijana aondoke, na kila anayekuja anaingia bila kuulizwa. Lakini leo ni Ijumaa. Jua likizama naanza Sabato. Acha niweke kitu cha haraka, Jumapili tumalize."

Aliweka jaribio la herufi zilizopinda. Mtu akitaka kuingia, angeonyeshwa herufi zilizokunjwakunjwa na kuchorwa mistari, azisome na kuziandika.

Jumamosi asubuhi Baraza lilikuwa kimya. Celestine alifurahi. Mchana boti ziliingia tena, chache, kisha nyingi.

Jumapili kabla ya misa simu ililia. Alikuwa mzee Japheth wa Rusinga. Ana umri wa miaka sabini na mbili, na jicho lake moja halioni. Hakuna mtu aliyejibu maswali mengi ya wanachama kama yeye.

"Celestine, mmenifukuza?"

"Hapana, jaduong'! Nani amekufukuza?"

"Naambiwa niandike herufi. Herufi gani zile? Zimelala kama minyoo! Nimejaribu mara tisa. Mara tisa naambiwa mimi si mtu."

*

Baada ya misa Celestine alikuwa tena Magunga. Alimweleza Dorah maneno ya mzee. Dorah alishika kichwa.

"Nimekosea," alisema. "Nilikuwa na haraka. Nimewafungia watu wenu nje, na roboti nyingine zinasoma zile herufi vizuri kuliko sisi. Tuanze upya. Leo tutafanya vizuri."

Kwanza alihifadhi nakala ya Baraza lote, ili hata wakiharibu kitu wasipoteze maandishi ya miaka yote. Akaisasisha programu. Akamwambia Celestine abadilishe neno la siri, liwe refu na la pekee. Kisha wakaondoa herufi zilizopinda, na majina ya uongo, mia sita na zaidi, pamoja na takataka zao.

"Sasa tutaweka mtego," Dorah alisema. "Fomu ya kujiunga ina visanduku viwili vya kujaza. Kimoja cha jina, kimoja cha namba ya simu. Mimi naongeza cha tatu. Unakiona?"

Celestine alisogea karibu na kioo. "Sioni."

"Hutakiona. Nimekificha. Mtu hutazama ukurasa kwa macho, kwa hivyo hatakijaza. Lakini roboti haitazami. Inasoma maandishi yaliyo nyuma ya ukurasa. Ikikuta kisanduku, inajaza. Haiwezi kujizuia. Ikijaza, tunajua si mtu. Inakataliwa."

Celestine alishika mdomo. "Kwa hivyo inajishika yenyewe?"

"Inajishika yenyewe. Na kwa mtu asiyeona, ambaye simu humsomea kwa sauti, nimeandika pale: acha hapa wazi. Safari hii sitamsahau mtu."

"Na zile za sekunde moja?"

"Nazo. Fomu ikijazwa chini ya sekunde nne, inakataliwa. Na hata mwanachama hawezi kutuma ujumbe zaidi ya mmoja kwa nusu dakika. Sasa nipe swali. Liwe swali ambalo kila mfugaji wenu analijua bila kufikiri."

Celestine aliwaza. "Maji yakiwa na joto gani ndiyo ngege..."

"Mama, huo ni mtihani wa chuo! Swali la mlangoni."

"Basi uliza, vizimba vyetu vinaelea wapi."

"Hilo ni zuri. Majibu?"

"Ziwani. Au majini. Na uweke 'nam'. Wazee wataandika nam, kwa Kiluo."

Dorah aliandika yote matatu. Lakini hakumdanganya. "Roboti za siku hizi zina akili, Mama Apiyo. Nyingine zitajibu hata hilo. Tukiona zimejifunza, tutabadilisha swali. Ndiyo maana kizuizi kimoja hakitoshi. Tunaweka kadhaa, kinachopita hapa kinashikwa pale. Na cha mwisho ni wewe."

"Mimi?"

"Mwanachama mpya, ujumbe wake wa kwanza hautatokea mara moja. Utakaa kwenye foleni hadi mtu ausome na kuuruhusu. Na mgeni hawezi kuweka kiungo cha kubonyeza. Akishazoeleka, anaandika huru kama wengine. Ila mkumbuke, foleni ni lazima isomwe kila siku. Mashine inaweza kumshuku mtu wa kweli. Na usikae peke yako tena. Mko wangapi?"

Celestine aliwapigia simu Chrispine na mzee Japheth palepale. Walikubali. Celestine angesoma foleni asubuhi, Chrispine mchana, mzee jioni. Dorah akaongeza kitufe kidogo chini ya kila ujumbe, ili mwanachama yeyote akiona takataka aripoti bila kuibonyeza.

Walipomaliza, Dorah alifungua ukurasa mmoja ambao msimamizi pekee huuona. Alinunua karanga mlangoni, wakakaa wakitazama.

Mistari ilianza kushuka. Imekataliwa. Imekataliwa. Imekataliwa. Kando palikuwa na namba, nayo ilipanda. Arobaini. Mia na tatu. Mia mbili na kumi. Zilikuja kutoka nchi ambazo Celestine alizisikia redioni tu. Nyingi ziliangukia kwenye kisanduku kisichoonekana. Nyingine zilikatwa kwa haraka zao. Zilianguka bila sauti, kama mvua inayonyesha ng'ambo ya ziwa, unaiona tu.

Celestine aliacha kutafuna. Hakuwahi kuona kitu kama hicho. Alikuwa amepigana nazo kwa kidole gumba, siku tatu nzima. Sasa zilikuja kwa mamia na kurudishwa, na yeye amekaa kwenye kiti cha plastiki na karanga mkononi.

"Fungua Baraza lenyewe," Dorah alinong'ona.

Celestine alifungua. Baraza lilikuwa safi, bila tangazo hata moja. Kisha mstari mmoja ukatokea.

"Nimeingia. Jicho langu moja limetosha. Japheth."

"Ero kamano, Madam Dorah," Celestine alimshukuru.

*

Wiki tatu zilipita. Wanachama walirudi mmoja mmoja. Mara mbili takataka ilipenya mlangoni, ikanasa kwenye foleni, ikafutwa kabla mtu hajaiona. Mara moja walibadilisha swali. Wakati mwingine Celestine alifungua ukurasa wa zilizokataliwa, akatazama tu. Zilikuwa elfu nyingi sasa. Hakuzoea.

Jumatano ya wiki ya nne alikuwa ufuoni. Nicanor alikuwa tayari amepanda mtumbwi na ndoo za chakula.

"Twende," Nicanor aliita. "Jua limepanda."

"Ngoja nisome foleni."

"Utasoma tukirudi."

"Hapana. Asubuhi ni zamu yangu."

Ndani ya foleni kulikuwa na ujumbe mmoja. Jina la mwandishi lilikuwa Emmaculate, wa Muhuru. Alikuwa amejiunga nusu saa iliyopita. Alikuwa ameandika hivi:

"Mimi ni mgeni hapa. Upepo umegeuka alfajiri. Maji ni ya kijani na yananuka. Samaki wangu wanahema juu. Nifanye nini? Kama kuna mtu anasoma tafadhali."

Celestine aliona jina jipya, ujumbe wa kwanza, haraka ya mwandishi. Mashine haikuweza kujua kama huyu ni mtu. Lakini yeye alijua. Hakuna roboti inayojua harufu ya maji yale.

Alibonyeza "ruhusu". Chini yake akaandika: "Emmaculate, usilishe. Kokota vizimba kwenye maji mengi. Vua wakubwa sasa hivi. Wote, someni hii!"

Kisha akapiga kelele. "Baba Apiyo! Rudisha ndoo!"

Ufuo wote uliamka. Hakuna aliyelisha. Majirani walileta mitumbwi mitano na boti moja yenye injini. Walifungua nanga. Walikokota kizimba kimoja baada ya kingine, polepole, hadi mahali ambapo kamba ya nanga ilishuka ndefu. Samaki waliokomaa walivuliwa na kupelekwa sokoni wakiwa hai.

Saa nane upepo ulifika. Celestine alikuwa juu ya mtumbwi alipoyaona maji. Yalipanda kando ya ufuo, ya kijani, mazito, yakajaa pale pale vizimba vilipokuwa asubuhi. Yalikuta mapipa mawili ya zamani na hakuna kingine. Huku mbali, ngege walipita ndani ya wavu, weusi, wepesi, wakigeuka pamoja.

Nicanor alivua kofia. "Tumepishana nayo," alisema.

Celestine alifungua simu. Baraza lilikuwa likiandikwa kwa kasi, na kila mstari ulikuwa wa mtu anayemjua. Sori tumesikia, tumekokota. Mbita tumesikia. Rusinga hatujalisha, asanteni. Alisoma mwambao mzima ukiitikia, ufuo kwa ufuo.

Mwisho kabisa alikuwa Emmaculate. Alikuwa amepoteza kizimba kimoja. Vitatu vilikuwa hai.

"Asanteni," aliandika. "Nilipoandika nilisubiri, sikuona kitu. Nikadhani huku hakuna watu."

Celestine alikaa kwenye ubao wa mtumbwi, maji yakigonga ubavuni, akamjibu kwa neno moja.

"Tupo."